Madirisha Niliyoyapima Nikiwa Mgeni

Nianze kwa kujisifu, maana nilikuwa na haki ya kujisifu. Katika ofisi ya ujenzi ya mkoa, pale Mwanza, mimi ndiye niliyekuwa fundi sanifu mwanamke peke yangu, na hapakuwa na mtu aliyesoma ramani ya nyumba haraka kunishinda. Wanaume wenye ndevu zao waliniletea michoro niwakagulie vipimo. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi mwaka mmoja tu nyuma, nina sketi mbili, viatu jozi moja, na maoni juu ya kila kitu. Shemeji yangu, Msukuma aliyemwoa dada yangu, alikuwa akisema kwamba Mhaya akijua jambo moja atakutangazia kumi. Mimi nilimjibu kwamba Msukuma anayajua yote kumi na hasemi hata moja, sasa hapo nani ana faida? Tulitaniana hivyo kila asubuhi mlangoni, yeye akirudi kutoka kazini na mimi nikienda.

Nilikuwa nakaa kwao, Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Shemeji alifanya kazi humo zamu ya usiku. Alisimama kwenye mkanda unaopeleka mbegu kwenye mashine, kazi yake ni kutoa mawe, vyuma na takataka kabla havijafika kwenye meno ya kusagia. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba viwili. Chumba kimoja walilala yeye, dada na binti yao mdogo. Cha pili walinipa mimi siku niliyofika na sanduku langu kutoka Bukoba. Dirisha langu lilitazama mawio, lao lilitazama machweo. Kwa kuwa nilitunza vifaa vya ofisi, niliweka kufuli kwenye mlango wangu, na kila asubuhi niliondoka na ufunguo kwenye mkoba. Niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Siku moja mhandisi mkuu wa ofisi yetu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniita. Kiwanda kilikuwa kinataka kujenga safu nyingine ya nyumba, na umeme wa nyumba zote ulilipwa na kiwanda. Wakubwa wa huko walilalamika kwamba mita zinakimbia, taa zinawaka mchana kweupe. Walitaka kujua: je, madirisha yaliyopo yana kasoro? Yanaingiza mwanga wa kutosha? Yanaingiza joto? Safu mpya ijengwe na madirisha yale yale au mengine?

"Kapime, binti," aliniambia. "Uniletee ripoti ambayo sitaulizwa maswali juu yake."

Madirisha yenyewe niliyapenda, nisiseme uongo. Yalikuwa na fremu ya chuma na kioo kikubwa kisichofunguka, na juu yake kidirisha kidogo cha kusukuma nje. Kipindi kile kila mkutano ulizungumzia nyumba bora. Vijijini watu walikuwa wanahamia kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mstari, na kioo dirishani kilikuwa ndiyo alama ya kwanza kwamba mtu ameendelea. Dirisha la mbao tulilihesabu ni ushamba. Mimi nilikulia kwenye nyumba ya madirisha ya mbao, na hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuyadharau.

Ofisi ilinipa kipimajoto kimoja, cha zebaki, kimefungwa kwenye kibao na kuwekwa ndani ya kisanduku cha mbao. Nilikitia saini kama mtu anayekabidhiwa mtoto. Kwenye kibao nilichora mstari kwa wino mwekundu. Zebaki ikivuka hapo, nilijiwekea, chumba hicho hakifai mtu kupumzika. Nilianza na nyumba yetu, sebuleni na chumbani kwangu. Zebaki haikukaribia hata wino. Nikaandika: chumba cha kulala, kizuri.

Kwenye nyumba nyingine nilikwenda pamoja na balozi wa nyumba kumi, mtu wa vitendo aliyevaa kofia hata ndani. Jana yake alikuwa amepita mlango kwa mlango. "Kesho anakuja mgeni wa serikali kukagua madirisha," aliwatangazia. "Asikute uchafu."

Nani angekuta uchafu? Kila nyumba niliyoingia, vioo vimesuguliwa kwa gazeti na maji mpaka vinameta. Vidirisha vya juu vimefunguliwa, mlango wa mbele wazi, mlango wa nyuma wazi, upepo unapita sebuleni kama uko nje. Sakafu zilikuwa zimenyunyizwa maji, bado mbichi. Vitambaa vya kufuma vimetandikwa kwenye viti, na kiti cha mgeni kimewekwa palipo na hewa nzuri kuliko pote. Hapo ndipo nilipoketi, na hapo ndipo niliponing'iniza kipimajoto changu. Niliuliza kama taa huwashwa mchana, wakasema hapana, nami nikatazama juu na kuona kweli imezimwa. Wanaume wa zamu ya usiku walitoka kunisalimia, wamevaa mashati safi, macho mekundu. Niliandika pembeni kwamba labda vumbi la pamba linawaumiza macho, idara ya afya iangalie. Nilijiona mwerevu sana kwa kuliona hilo.

Vyumbani sikuingia. Hakuna aliyenikatalia, lakini pia hakuna aliyenikaribisha, na mimi nimelelewa. Chumba anacholala mtu na mkewe si mahali pa mgeni, hata mgeni awe na barua ya serikali.

Ripoti yangu ilikuwa na kurasa tano, nilizopiga mwenyewe kwenye taipureta yenye herufi moja mbovu. Nilimaliza kwa kushauri kwamba madirisha ni mazuri, safu mpya ijengwe vile vile, na wafanyakazi waelimishwe kuzima taa. Mzee aliisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, akaitia saini. Mkutano na wakubwa wa kiwanda ulipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilirudi nyumbani nikitembea barabarani kama barabara ni yangu.

Jumanne ya wiki ile ile, ofisi iliishiwa karatasi za kuchorea, tukaruhusiwa mapema. Nilifika nyumbani yapata saa tisa alasiri, saa ambayo sikuwahi kuwapo siku ya kazi. Jua lilikuwa kali, na mawe makubwa yaliyo nyuma ya safu yetu yalikuwa yameshika joto. Nilizunguka nyuma kunawa miguu. Nikamkuta shemeji.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa jiko, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji. Shati alikuwa amelivua na kujifunika nalo kichwani. Kichwa kilikuwa kimelalia ukuta, mdomo wazi. Kila nzi alipotua alishtuka, akajipangusa, akalala tena kwa dakika moja. Dada alitoka jikoni akaniona, akaja mbio akanishika mkono na kunivuta pembeni.

"Usimwamshe."

"Mbona analala nje?"

Dada aliniachia mkono. "Wewe si ndiye uliyepima nyumba?"

Dada alikuwa na hasira, na nadhani ilikuwa hasira ya miezi. Aliingia ndani akarudi na karatasi mbili zilizokunjwa, barua za onyo kutoka kiwandani. Shemeji alikuwa amekutwa amesinzia kwenye mkanda mara mbili. Barua ya pili ilisema wazi kwamba ya tatu itakuwa ya kumwachisha kazi. Na akiachishwa kazi, nyumba nayo inaondoka.

"Hajalala mchana wake mzima tangu jua lilipoanza kuwa kali," alisema. "Asubuhi anajilaza. Ikifika saa sita chumba kinamfukuza."

Nilifungua kufuli langu, nikachukua kisanduku, nikampa kipimajoto. Nilimwambia akining'inize karibu na kitanda, asifungue chochote, asiguse chochote, aniletee baada ya nusu saa. Mimi nilibaki sebuleni nikitazama mlango wa chumba chao. Miezi yote ile nilikuwa nimepita mbele yake mara ngapi kwa siku, na sikuwa nimewahi kuona ndani.

Dada alipokirudisha, zebaki ilikuwa juu ya wino mwekundu, mbali. Niliuliza kuna nini humo. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemsomesha mtoto. Mwenye kulala mchana anahitaji giza, kwa hiyo walitundika blanketi dirishani. Blanketi likifunika kioo, kile kidirisha cha juu nacho kinazibwa, hewa haipiti. Jua la alasiri linapiga kioo, kioo kinalichemsha blanketi, blanketi linachemsha chumba. Na kwa kuwa ni giza, yeye akiingia kutafuta nguo ya mtoto lazima awashe taa.

"Wengine je?"

"Wengine wote wa safu hii ni hivyo hivyo. Siku uliyokuja na balozi tuliambiana tuteremshe mablanketi. Waume zetu tuliwaamsha wakusalimie. Ulitaka tukupokee vipi?"

Niliona macho yale mekundu tena, moja baada ya jingine. Nikaingia chumbani kwangu, nikakining'iniza kipimajoto pale pale nilipokining'iniza mara ya kwanza. Zebaki ilishuka na kushuka, mpaka chini ya wino, ikatulia. Chumba kilikuwa na hewa nzuri na kimya. Chumba baridi kuliko vyote katika nyumba ile kilikaa kitupu mchana kutwa, kimefungwa kwa kufuli, kinatunza kipimajoto, na mwenye nyumba yuko nyuma ya jiko na miguu ndani ya beseni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungehama," dada alisema. "Ungesema umetubana. Mama angesema nimemfukuza mdogo wangu. Halafu ulivyokuwa unaifurahia ripoti yako."

Jioni, kabla shemeji hajaenda kazini, nilimwambia tubadilishane vyumba. Alicheka. Nilipoendelea, aliacha kucheka.

"Shemeji, mgeni wangu nimlaze kwenye tanuri? Nitawaambia nini watu?"

"Mimi mchana sipo. Na usiku chumba kile kinapoa."

"Nimesema hapana," alijibu, akavaa viatu vyake. Nikajua kwamba hapo nimegonga mwamba.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mzee kabla hajavua koti. Nilimwambia naomba ripoti yangu irudishwe. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nimeitia saini."

"Ndiyo, mzee."

"Unataka nisimame mbele ya watu wa kiwanda niseme kwamba ofisi yangu ilipima sebule?"

"Ndivyo tulivyofanya, mzee. Tulipima sebule, milango wazi, sakafu ina maji."

Aliniambia nina mpaka Ijumaa asubuhi, na nisipoleta kitu kinachoshikika, ataisoma ile aliyoisaini. Nilishukuru nikatoka kabla hajabadili mawazo.

Kwenda tena na balozi haikufaa. Nikitangazwa, mablanketi yatashuka. Kwenda peke yangu kulikuwa vile vile, wangenipa kiti. Nikaona kwamba njia ni moja: kipimo kifike na mimi nisifike. Dada aliwakusanya wanawake wa nyumba kumi za safu yetu bombani, wakati wa kuchota maji. Wengi wao walikuwa kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, jioni, wanajifunza kuandika, na tangu waanze hawakuwa wamepata jambo la kuandika zaidi ya majina ya vitu. Niliwaeleza mstari mwekundu ni nini. Niliwaomba chumba kiwe kama kilivyo siku zote, na aliyelala asiamshwe. Mwanamke mmoja mnene aliuliza, "Kwa hiyo safari hii unataka ukweli?" Wakacheka wote, nami nikacheka kwa kulazimika.

Kisanduku kilitembea kutoka nyumba hadi nyumba, Jumatano na Alhamisi, nusu saa kila chumba, kuanzia saa saba mchana. Kila mmoja aliandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi. Ninavikumbuka vile vipande kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Herufi kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Kimoja kilisema: "Imepita wino. Taa inawaka. Mtoto ana vipele." Kingine: "Imepita wino. Mume wangu hayumo, amelala chini ya jiwe." Mama mmoja ambaye bado hakuweza kuandika alichora mstari mmoja, na juu yake mwingine mrefu. Kati ya nyumba kumi, hakuna hata moja iliyobaki chini.

Alhamisi asubuhi shemeji alirudi na kidole cha shahada kimefungwa kitambaa. Alikuwa amefumba macho kidogo tu, mkanda ukamvuta, mwenzake akamrudisha nyuma kwa kumshika ukosi. Ukucha ulikuwa umekwenda. Mwenzake hakusema kwa msimamizi, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati. Dada alimfunga dawa huku machozi yanamtoka. Mimi nilisimama mlangoni na mkoba wangu, na siku hiyo hatukutaniana.

Ijumaa niliingia kwenye mkutano nikiwa na vipande kumi vya karatasi ndani ya bahasha. Nilisema niliyokuja kusema. Nyumba mpya zisiwe na kioo upande wa machweo. Ziwe na madirisha ya mbao nyembamba zilizolazwa mshazari, ili hewa na mwanga kidogo vipite na jua lisipite. Bati lirefushwe liwe upenu, na juu ya kila mlango wa chumba paachwe tundu, upepo wa ziwa ukiingia alasiri upate pa kutokea. Hapo hakuna atakayehitaji blanketi dirishani, wala taa mchana.

Bwana mmoja wa kiwandani alikunja uso. "Ndugu fundi, unatushauri turudi kwenye mbao? Watu watuone washamba?"

"Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo wiki iliyopita," nilimwambia. "Nilikuwa sijui kitu."

"Wiki iliyopita ofisi yenu ilituambia kwa simu kwamba madirisha ni mazuri."

Kabla sijafungua mdomo, mzee aliinuka. Miwani ilikuwa mkononi. "Ofisi yangu ilipima sebule," alisema. "Tulikaribishwa vizuri, tukapima makaribisho. Sasa tumepima vyumba." Akavisambaza vile vipande mezani, kimoja kimoja, na wale mabwana wakaanza kusoma, wengine wakisogeza midomo. Hawakukubali siku hiyo hiyo. Walikubali baadaye, upenu na mbao, na safu mpya ilijengwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa nawaza safu yetu ya zamani, ambayo zamu yake ya kurekebishwa ingechukua muda, na mtu mwenye barua mbili.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwangu, nikafungua kufuli, nikakunja godoro langu, nikalibeba kichwani mpaka sebuleni na kulibwaga mbele ya mlango wao. Shemeji alikuwa anakunywa uji.

"Shemeji, tulishazungumza."

"Ulizungumza wewe, sasa ni zamu yangu. Mgeni ndiye aliyepima nyumba hizi vibaya. Kila nyumba ilimpa kiti kizuri akaondoka na uongo. Ukiniacha niwe mgeni kwako nitazidi kuwa mjinga. Mimi ni mdogo wake mkeo, nakula chungu kimoja nanyi, nataka chumba cha moto kama ndugu yeyote."

Sauti yangu ilipasuka hapo mwisho, sikuipanga hivyo. Yeye alikitazama kidole chake. Dada, ambaye alikuwa amesimama jikoni akisikiliza, aliingia, akapita kati yetu, akafungua mlango wa chumba chao na kuanza kuteremsha blanketi. Shemeji aliweka bakuli chini. Alikibeba kitanda chao upande mmoja kwa mkono ulio mzima, nami nikashika upande mwingine, tukakihamisha. Kufuli nilimpa mtoto akachezee.

Jumamosi hiyo mzee aliniruhusu kutoka mapema. Nilirudi saa nane na nusu, jua likiwa pale pale pa siku zote. Dada alikuwa ameketi kizingitini, mtoto mapajani. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, na mtoto naye akaweka chake. Nilisimama nikasikiliza. Kutoka chumba cha mawio shemeji alikuwa anakoroma, mkoromo mzito wa mtu ambaye hakuna kinachomfukuza.

Nilivua viatu nikazunguka nyuma ya nyumba ili nisipite sebuleni. Nilikaa kwenye kigoda chake, kwenye kile kivuli chembamba, na kisanduku cha kipimajoto, nilichotoka nacho ofisini, magotini. Sikukifungua. Beseni lilikuwa limepinduliwa kando ya ukuta, na lilikuwa kavu.